Kurudisha nyimbo za waseli kijijini: jibu kwa dada wa Herefordshire

Kuna dada Mtanzania anaishi kijiji kimoja huko Herefordshire, magharibi mwa Uingereza karibu na mpaka wa Wales, ameniuliza swali nikaona bora nilijibu kwa urefu. Kijijini kwao watu wamechanga wakanunua shamba la zamani la mitofaa (miti ya tufaha, au epo), na Januari ijayo wanataka kurudisha waseli, yaani ile mila ya kwenda shambani usiku wa baridi kuiimbia miti ili izae, ambayo hapo kwao ilishakufa siku nyingi. Yeye anafundisha kwaya ya kanisa kwa hiyo wamemkabidhi nyimbo. Anauliza: nianzie wapi, nifundishe nyimbo gani, hii kitu ina ushirikina ndani yake ama haina, alafu mimi mgeni nina haki gani ya kusimama mbele kuongoza mila ya watu?

Dada, hongera kwanza. Hilo shamba lenyewe ni ushindi tayari, manake tangu mwaka 1900 England na Wales zimepoteza asilimia 81 ya mashamba ya jadi ya matunda, hiyo hesabu ilitolewa na National Trust, shirika la kuhifadhi urithi huko, mwaka 2022, na shamba likishang'olewa nyimbo zake hazina pa kuimbiwa. Kwa hiyo nyie mmeanza na kitu sahihi, mti kwanza wimbo baadaye.

Sasa kabla sijakutajia nyimbo naomba tuelewane jambo moja ambalo kwangu ndio msingi wa yote. Wimbo wa waseli ni wimbo wenye kazi. Ukizisikiliza kwenye rekodi za kwaya za Krismasi utadhani ni nyimbo za mishumaa na theluji, nyororo hivi, lakini wenyewe waliozibeba walikuwa vibarua wa mashambani. Katikati ya baridi kazi zinapungua, ardhi imeganda, kibarua mfukoni hana kitu, basi kundi linatoka na bakuli kubwa la mbao limefungwa utepe na majani mabichi, linapita nyumba kwa nyumba, linasimama mlangoni linaimba, linaiombea heri nyumba na ng'ombe na mavuno, na mwenye nyumba naye anatoa bia, jibini, sarafu, chochote. Shambani ilikuwa hivohivo. Kumbukumbu ya zamani kabisa tuliyonayo ya kuimbia miti ya matunda inatoka Fordwich, kule Kent, mwaka 1585, na hapo tayari tunakuta vijana wanazunguka shamba hadi shamba wanafanya hiyo kazi kwa malipo. Yaani ilikuwa ni kuomba bila kudhalilika, unatoa baraka unapokea chakula, mnaachana mmeridhika pande zote mbili.

Hiyo kazi ndio naomba uirudishe, dada. Vikundi vingi vinavyojaribu kufufua hizi mila vinarudisha mavazi, kofia zenye manyoya, nyuso za majani, wanapiga picha nzuri kweli, alafu mwaka wa tatu watu hawaji tena kwa sababu wimbo hauna mtu unayemwendea na wala hauombi kitu, umekuwa shoo tu. Ukiirudisha kazi hata mavazi msipokuwa nayo mila itasimama. Kwa hiyo amueni mapema mnaomba nini na kwa ajili ya nani, inaweza kuwa mchango wa kununua miche mipya ya mitofaa, au ghala la chakula la wahitaji hapo karibu, alafu kabla ya kwenda shambani piteni milangoni kwa watu kweli, hasa wazee ambao hawawezi kutoka usiku wa baridi, waimbieni hapo hapo kizingitini.

Haya, nyimbo. Mimi ningechukua tatu tu kwa mwaka wa kwanza, usizidishe.

Wa kwanza ni waseli ya Gloucestershire, jirani zako kabisa hapo, na ni moja ya zinazojulikana zaidi kwa sababu iliingizwa kwenye kitabu cha Oxford cha karoli, yaani nyimbo za Krismasi, cha mwaka 1928. Uzuri wake ni kwamba beti nyingi zinamwombea heri ng'ombe au farasi kwa jina lake, mara pembe yake mara jicho lake mara mkia wake, na kila heri inaishia kwa bwana mwenye nyumba kupata kitu fulani cha kuliwa au kunywewa. Hapo ndipo pa kuingilia. Wakishajua tuni, waambie watunge beti zao, waweke majina ya watu wa kijiji, mbwa wa fulani, trekta la fulani, mti mkubwa ule wa kona. Sio kuuharibu wimbo, ndivyo ulivyokuwa ukifanywa siku zote, ndio maana kila kijiji kilikuwa na ng'ombe wake kwenye wimbo. Wewe hili utalifundisha kuliko Mwingereza yeyote, umekulia kwenye harusi ambako kumtaja mwenye nyumba na ukoo wake katikati ya wimbo ni jambo la kawaida na asiyetajwa ananuna.

Wa pili ni ule ambao Cecil Sharp, mkusanyaji maarufu wa nyimbo za jadi, aliupata kwa waimbaji wa waseli wa Drayton, Somerset, mwaka 1903, mwaka uleule alioanza kukusanya nyimbo baada ya kumsikia mtunza bustani mmoja kule Hambridge akiimba. Huu una kiitikio kikubwa, sauti inapanda, watu wanaupenda hata kama hawajui kuimba, na mlangoni ndio unafaa zaidi.

Wa tatu uwe wa mti wenyewe. Hapa usihangaike na tuni ngumu, nyingi za kumwimbia mtofaa ni karibu na kughani tu, unauambia mti uchipue, uzae, kofia zijae, magunia yajae, na mwisho watu wote wanapiga kelele na kugonga masufuria. Maneno ya aina hiyo yalishachapishwa tangu karne ya 18 na hadi leo sehemu mbalimbali zina namna zao. Unataka yale ambayo mtoto wa miaka mitano atayashika akiwa amesimama gizani na glavu mkononi.

Ukitafuta hizi nyimbo kumbuka kwa Kiingereza inaandikwa wassail. Maktaba ya Vaughan Williams (mtunzi wa muziki aliyekusanya nyimbo za jadi) iliyoko Cecil Sharp House, London, imeweka mtandaoni bure makusanyo ya wakusanyaji wengi wa zamani, unaona mpaka mwandiko wao wa mkono, na nyimbo zimepewa namba kwenye orodha ya Steve Roud, hiyo ya Gloucestershire na ndugu zake ni namba 209. Andika 209 na jina la wilaya yako uone kinachotoka. Huo usiku mmoja wa kupekua utakufaa kuliko kununua vitabu kumi.

Kuhusu kufundisha, najua umetoka kwenye kwaya zetu za do re mi, na zile nota za tonik solfa unazozijua zilizaliwa hukohuko Uingereza, Sarah Glover wa Norwich ndiye aliyeanzisha, John Curwen akazisambaza, wamisionari wakatuletea sisi. Kwa hiyo ziandike kwa solfa kwa ajili yako mwenyewe, lakini naomba sana karatasi usizigawe. Mtu akishika karatasi gizani anaangalia karatasi, haangalii mti wala jirani, na mvua ikinyesha imekwisha. Fundisha kwa mdomo, wewe mstari wao mstari, kiitikio kwanza beti baadaye. Na usipange sauti nne. Najua mkono utakuwasha, mwalimu wa kwaya akiona watu ishirini anaona soprano, alto, tena, besi, lakini hapa aliyekuja bila mazoezi lazima aweze kuingia mstari wa pili na kujiona yuko nyumbani. Wakitokea wenyewe watu wa kuongeza sauti ya chini waache, itajipanga.

Sasa tuje Herefordshire kwako maana hapo ndipo mimi roho yangu inapokaa. Watu wakisikia waseli wanakimbilia Somerset, wanaiga ile ya Carhampton ya tarehe 17 Januari, kuweka mkate uliochomwa na kulowekwa kwenye saida, ile pombe ya matofaa, juu ya matawi kwa ajili ya ndege robin wa kifua chekundu, kumwagia saida kwenye mizizi, na kufyatua bunduki za marisau kupitia matawi. Ni nzuri, chukueni mnachotaka, ila wilaya yenu ina hazina yake na itakuwa hasara kuiacha. Mwaka 1791 jarida moja la London lilichapisha habari za mkesha wa siku ya 12 ya Krismasi huko Herefordshire: wakulima na watumishi wao wanakusanyika kwenye shamba la ngano, wanawasha moto 13, midogo 12 na mkubwa mmoja, wanauzunguka ule mkubwa wanakunywa saida na kupiga ukelele, na mashamba ya jirani yanajibu ukelele kutoka mbali, mpaka mtu aliweza kuona mioto 50 au 60 kwa mara moja usiku uleule. Alafu wanarudi nyumbani wanaingia kwenye zizi, kila ng'ombe dume wa kazi anaombewa heri kwa jina lake, na mmoja anavishwa keki kubwa yenye tundu kwenye pembe, anachokozwa mpaka airushe, ikiangukia mbele ni ya msimamizi ikiangukia nyuma ni ya mama mwenye nyumba. Fikiria watoto wa kijiji wakisimuliwa hiyo. Ng'ombe dume wa kazi hamna tena, lakini ukelele wa kujibizana mnaweza, ongeeni na kijiji cha jirani nao wawashe moto wao, wapige kelele saa fulani nanyi mjibu.

Kuna nyingine ya asubuhi ya mwaka mpya, wanaita kuchoma kichaka. Walisokota matawi ya miiba kuwa kama tufe, wakalining'iniza jikoni mwaka mzima, alfajiri ya tarehe 1 Januari wanalipeleka kwenye ngano iliyochipua, wanalichoma kwenye moto wa majani makavu, wanasokota jipya, na wanaume wanasimama kwenye duara wanainama chini kabisa huku wanavuta kwa sauti nzito maneno mawili tu yenye maana ya saida ya zamani, wanayarudia rudia. Haya yote aliyaandika Ella Mary Leather, mama wa Weobley, kwenye kitabu chake cha 1912 kuhusu mila za Herefordshire. Huyu mama alikuwa anazunguka na mashine ya kunasia sauti ya wakati ule, anawarekodi waimbaji alafu anaandika, na Vaughan Williams alikuwa anakuja kukusanya naye. Kitabu chake utakipata, na ukikisoma angalia kama kijiji chenu kimetajwa. Kikitajwa, hata kwa mstari mmoja, huo mstari ndio uwe kiini cha usiku wenu.

Na hapo kwa Bi Leather ndipo pana jibu la swali lako la haki. Unadhani nani walimwimbia? Vibarua, wazee wa nyumba za maskini, na Waroma (wale wahamaji, sio watu wa mji wa Roma) waliokuwa wanakuja Herefordshire kila mwaka kuchuma hopsi za kutengenezea bia. Septemba 1912 yeye na Vaughan Williams walikuwa Monkland, kwenye kambi ya hao wachumaji, usiku, wanasikiliza mtu mmoja wa kambini akiimba, na Vaughan Williams aliukumbuka usiku ule baadaye sana. Watu hao wenyeji waliwaita wapita njia, na wao ndio waliokuwa wameshika nyimbo ambazo leo tunasema ni za Herefordshire. Kwa hiyo dada, mtu anayefika mahali, akafanya kazi mahali, akaimba nyimbo za mahali, hiyo ndio njia ambayo nyimbo hizi zimefika hapo zilipo. Simama mbele. Ila usisimame peke yako, tafuta mzee mmoja wa hapo, mwanaume au mwanamke, ambaye bibi yake aliwahi kumwambia chochote, hata jina la shamba tu, awe ndiye anayeanzisha ukelele. Watu watakuja kwa ajili yake na watabaki kwa ajili ya uimbaji wako.

Jambo moja la uchungu lazima nikwambie kabla hujalikuta mwenyewe kwenye picha. Vikundi vya Morris, ile ngoma ya jadi ya Waingereza, vya mpakani huko kwenu, ambavyo ndivyo vinavyosindikiza waseli nyingi, kwa miaka mingi vilikuwa vinajipaka nyuso nyeusi tupu. Maelezo yao ni kwamba vibarua walijificha uso wasitambuliwe wakiomba, na wapo watafiti wanaoona pia mkono wa maonyesho ya karne ya 19 ya Wazungu kuigiza watu weusi, na mimi naona hilo la pili haliwezi kupuuzwa. Mwaka 2020 vyama vikuu vitatu vya Morris vilikubaliana kuachana na rangi nyeusi ya uso mzima, na vikundi vingi sasa vinapaka kijani, bluu, zambarau, au vinavaa barakoa. Mkialika kikundi, uliza mapema, uliza wazi, wala usione aibu kuuliza. Ni haki yako na ya watoto wako watakaokuwa pale.

Kwenye ushirikina nitakujibu kama ninavyoamini. Utasikia mtu anasema waseli ni ibada ya kipagani ya maelfu ya miaka. Ushahidi wa hilo haupo. Ronald Hutton, mwanahistoria wa Bristol aliyefuatilia sikukuu za Uingereza mwaka mzima kwa nyaraka, anaonyesha kwamba kuimbia mashamba ya matunda tunaanza kukuona karne ya 16, kwenye nchi iliyokuwa ya Kikristo kwa karibu miaka elfu. Padri wa Horsted Keynes, Sussex, karne ya 17, kwenye daftari lake la matumizi kaandika kabisa kwamba amewapa peni sita vijana waliokuja kuimbia miti. Robert Herrick ambaye naye alikuwa padri, Devon, ana shairi la mwaka 1648 linalohimiza watu waiimbie miti ipate kuzaa. Leo vipo vikundi vinavyoongeza mambo ya kipagani kwa kupenda kwao, hilo lipo, na vipo vinavyoanza kwa sala ya paroko. Mnaamua wenyewe. Mimi ningemwambia paroko wenu mapema, akipenda abariki shamba na miche, asipopenda aje kama jirani.

Usishangae pia ukikuta mtu wa dini anapinga, ni hadithi ya zamani. Kule Wales ng'ambo ya mpaka wenu kuna Mari Lwyd, fuvu la farasi kwenye mti limefunikwa shuka jeupe, linapelekwa mlangoni usiku, watu wa nje na wa ndani wanajibizana kwa beti hadi upande mmoja uishiwe. Mwaka 1852 mchungaji Mbatisti William Roberts aliandika kitabu kuilaani hiyo mila, na ili watu waone ubaya wake akachapisha beti zake kirefu. Watu wakazichukua beti wakazitumia, na zimesaidia sana mila kuendelea. Nakwambia hili ili ukipata mpingaji usigombane naye, msikilize, andika anachokumbuka.

Tena kufufua sio kosa wala sio kughushi, maana wengine wataanza na hilo, eti ikishakufa imekufa. Dubu wa majani makavu wa Whittlesey, Cambridgeshire, yaani mtu aliyevishwa majani makavu kama dubu akapitishwa mitaani, alizuiwa na polisi mwaka 1909 wakisema ni ombaomba, akarudishwa 1980 na hadi sasa Januari mji unajaa. Waigizaji wa Marshfield wa tarehe 26 Desemba, wanaovaa vipande vya karatasi mwili mzima, walirudi miaka ya 1930 kwa sababu mtunza bustani mmoja wa paroko alisikika akijisemea mistari akiwa kazini na dada wa paroko, Violet Alford, mtafiti wa mila, alijua anachokisikia. Ndio maana nakusisitiza wazee, wazee, wazee. Nenda Oktoba hii hii, Siku ya Matofaa ya tarehe 21 ambayo kikundi cha Common Ground kiliianzisha 1990, wekeni meza shambani, wapeni watu tofaa waonje na waulizeni wanakumbuka nini, wewe uwe na simu ya kurekodi.

Tarehe, mnaweza kuchagua 5 au 6 Januari, au 17 ambayo ni siku ya 12 kwa kalenda ya zamani, kwa sababu mwaka 1752 Uingereza ilipobadili kalenda siku 11 zilirukwa na wakulima wengi hawakukubali miti yao ihamishiwe sikukuu. Kwenu kwa ile mioto 13 ningekwenda na mkesha, tarehe 5.

Bunduki achaneni nazo mwaka wa kwanza, labda yupo mkulima mwenye kibali na anayejua kazi yake, vinginevyo masufuria na ngoma vinatosha, na kama una ngoma yako ya nyumbani ilete. Moto uwe mbali na matawi, mti wa zamani gome lake linaungua upesi. Na kwenye bakuli, kwa kuwa umesema wewe hunywi na watoto watakuwepo, wekeni vyungu viwili, kimoja saida na kimoja maji ya matofaa, vyote vichemke taratibu na mdalasini, karafuu, tangawizi na kungumanga ya kukwaruza juu, na matofaa madogo yaliyochomwa yanaelea. Hiyo karafuu na kungumanga utakuwa unaifahamu kuliko wao. Cha watoto kiwe kikubwa zaidi, ndio wanaokunywa sana.

Beti zenu za majina mkishatunga nitumie nizione, hasa ile ya mti wa kona.